Uzoefu wangu na programu ya kukagua sarufi: viwakilishi vya Kiingereza inavyovikamata na vinavyoiponyoka

Programu yenyewe ni ile ya bure inayobandikwa kwenye kivinjari na kupiga mstari chini ya kosa. Naitumia kuhariri barua pepe na ripoti za Kiingereza zilizoandikwa na watu ambao siku nzima wanazungumza Kiswahili. Hapa naongelea viwakilishi tu; tahajia na mikato tuiache.

Kosa la umbo halipiti. "Between you and I" inarekebishwa kuwa "between you and me", kwa kuwa baada ya "between", "for" au "with" Kiingereza kinataka umbo la mtendwa. "It's" iliyokaa mahali pa "its" inapigiwa mstari papo hapo. Hata "contact Juma or myself", ugonjwa sugu wa maofisini, inaushika. Nimeipenda zaidi kwenye "the book which I bought it": mwandishi ana "kitabu nilichokinunua" kichwani, na ile "-ki-" ya pili inalazimisha "it" itokee. Programu inaifuta. "My father he is a teacher" nayo inasafishwa vivyo hivyo.

Shida inaanza pale sentensi inapokuwa sahihi kisarufi lakini inasema jambo jingine.

Chukua "he" na "she". Kiambishi "a-" hakibagui mwanamume na mwanamke, basi mkono unateleza: "My sister called and said he will be late." Programu inanyamaza, na haina kosa, maana "he" anaweza kuwa mtu wa tatu. Ukiandika Mary huenda ikashtuka. Ukiandika Mwanaidi au Neema, kimya. Hapa fanya kazi kwa mkono. Kwenye Word bonyeza Ctrl+H, fungua "More", weka tiki kwenye "Find whole words only", halafu tafuta "he", "she", "him", "her" na "his", moja baada ya nyingine. Bila ile tiki utasimamishwa kwenye kila "the", "then" na "other", uchoke kabla ya ukurasa wa pili. Kila unaposimama, jiulize ni nani anayetajwa. Kama katika sentensi iliyotangulia kuna wanaume wawili, rudisha jina badala ya kiwakilishi.

Mtego wa pili ni "-ana". "Majirani wanasaidiana" inageuzwa "the neighbours help themselves", yaani kila mmoja anajisaidia mwenyewe, au vibaya zaidi, wanajichotea vitu vya watu. Kinachotakiwa ni "each other". Programu haikusema neno.

Wa tatu ndio mgumu kuliko yote. "Tulienda benki na Asha", tukiwa wawili tu, inaandikwa "We went to the bank with Asha". Msomaji wa Kiingereza anahesabu watu watatu au zaidi, kwa sababu "we" tayari ni wengi kabla Asha hajaongezwa. Kwenye barua ya kawaida si neno, ila kwenye taarifa ya tukio au maelezo ya shahidi idadi ya watu imebadilika. Andika "Asha and I went to the bank", jina la mwenzako likitangulia.

Kuna pia "Thank you, I have received." Kwetu "nimepokea" inajitosheleza, Kiingereza kinadai "it" au jina la kitu kilichopokelewa. Mara inaikamata, mara inaiacha, na sijaona kanuni yake.

Kwa "every teacher should bring his laptop" inapendekeza "their". Ushauri huo ni sahihi: hata mwongozo wa uandishi wa APA (Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani), toleo la 7 la mwaka 2019, unakubali "they" ya mtu mmoja. Lakini kama msahihishaji wako ni wa mkondo wa zamani, epuka ubishi kwa kuandika wingi: "All teachers should bring their laptops."

Toleo la kulipia lina mapendekezo mengi ya mtindo na urefu wa sentensi. Kwa viwakilishi sikuona tofauti. Majirani bado walijichotea na Asha bado alikuwa mtu wa tatu. Kama unalitaka kwa ajili ya viwakilishi tu, usitoe hela. Na maandishi yako yanapelekwa kwenye seva yao ili yakaguliwe, kwa hiyo barua za siri zikague ukiwa umeizima.