Wameniuliza kadi nimeitoa wapi

Meli ya kitalii niliyosafiri nayo sitaitaja jina. Lakini jambo hili limenikaa kooni tangu baridi iliyopita, na leo nalitema.

Tulitokea visiwa vya Canary, na siku niliyokuwa nikiingoja ni ya Dakar. Ziara zao za basi nilizikwepa. Nikatoka zangu kwa miguu mpaka kwenye boti za kisiwa cha Gorée, safari ya kama dakika 20. Kifaransa sina hata cha kuombea maji, lakini nilimpa salamu mama aliyekaa kando yangu, "Asalaam aleikum," akaitikia mpaka mwisho na kunisogezea nafasi. Kumbe ana duka kisiwani! Hatujafika, nishakuwa mteja wake. Akaniuzia boubou la samawati, pana, la kuburura, nikalivaa hapo hapo juu ya suruali yangu.

Gorée hakuna gari hata moja. Katika Nyumba ya Watumwa kuna ngazi mbili zilizopinda kama pembe za ng'ombe, chini yake vyumba vya giza, na mwisho mlango mwembamba unaotazama bahari. Wenzangu wa melini walikuwa wakipanga foleni ya kupiga picha pale. Mimi simu ilibaki mfukoni.

Niliporudi mjini nikala thiéboudienne: mchele chenga ulioivia kwenye nyanya, samaki juu, na ukoko umekwanguliwa ukawekwa pembeni kama anavyotuwekea bibi yangu Mombasa. Kwa chakula kile peke yake ningewapa wenye meli nyota tano. Lakini si wao waliokipika.

Sasa njoo kwenye ngazi ya meli. Mbele yangu bibi mmoja Mwingereza, kikapu cha Gorée mkononi, kapita kwa tabasamu. Kadi yake ya abiria hata haikutazamwa. Mimi mkono ukawekwa mbele yangu. "Wachuuzi mwisho getini, mama." Nikapenyeza mkono ndani ya boubou, nikatoa kadi. Mashine ikalia vizuri, picha yangu ikatokea kwenye kioo. Mlinzi akaitazama picha, akanitazama mimi, kisha akauliza: "Kadi hii umeitoa wapi?"

Nimeitoa wapi! Nimeilipia miezi minane, na zamu za usiku juu, hapo ndipo nilipoitoa.

Nikasimamishwa juani mpaka mkubwa wake aje, watu wakinipita huku na huku. Wengine tulikuwa tumekula meza moja asubuhi. Wakaangalia viatu vyao. Mkubwa alipofika alisoma jina, akasema "karibu" na kuondoka. Basi, imeisha.

Nimewapa nyota moja. Hapana, nisidhulumu: mhudumu wa chumba changu alikuwa mtu wa watu, na kitanda sina la kukisema. Mbili, basi. Dakar nenda, nenda hata kesho, ila nenda kwa ndege.

Nililalamika mapokezi usiku ule. Wakaniletea chumbani sinia la matunda, kikaratasi cha "tunasikitika kwa usumbufu," na chupa ya mvinyo. Mvinyo! Mimi, niliyeandika kwenye fomu yao kwa herufi kubwa kwamba nakula halali. Hata hiyo mbili naifuta, ibaki ile moja.

Matunda nimeyala. Chupa nimewaachia mlangoni, na kikaratasi chao nimekibandika shingoni mwake.