Spika ndogo ya Mwanga: besi tele, chiriku hajashtuka

Nimeinunua Mwanga, hapa Kigoma, shilingi 25,000. Muuzaji alinipigia Bongo Fleva, kabati likatetemeka, nikalipa. Kosa langu: sikuitaka kwa muziki.

Kwenye mwembe wa mama mkwe, Ujiji, kuna chiriku. Nilimrekodi kwa simu, nikamrudishia wimbo wake. Wapi! Hakugeuza hata shingo. Wifi akanicheka.

Wala simlaumu ndege. Tangu 1976 mtafiti Fernando Nottebohm na wenzake walionyesha sehemu za ubongo wa chiriku zinazoongoza uimbaji. Watafiti waliofuata wakakuta, kwa ndege waimbaji, seli zinazochangamka kwa wimbo wa ndege mwenyewe kuliko wa jirani; ukiupiga kinyumenyume, zinapoa karibu kabisa, ingawa sauti ni zilezile. Sikio la namna hiyo linadai mpangilio, na spika hii sauti nyembamba inazimeza, milio ya haraka inakuwa uji.

Chaji inakaa, hilo nakiri. Nyota mbili kwa tano. Wifi ameshaichukua, anapigia taarabu jikoni.