Vijiti vya kupimia mkojo: vinaona nini kwenye figo, na nini kinavipita

Kichupa cha vijiti vyenye vipande 10 vya rangi ni kipimo cha figo ambacho mtu anaweza kujifanyia bila sindano. Kinafaa kwa kazi moja na hakifai kwa nyingine, na bahati mbaya wengi hukinunua kwa ile ya pili. Tunakipa nyota 3 kati ya 5.

Kazi inayokifaa ni kunasa protini nyingi au damu kwenye mkojo. Kipande cha protini kimelowekwa rangi na tindikali inayoishikilia kwenye pH ya karibu 3. Albumini, protini kuu ya damu, ikiigusa, njano hugeuka kijani. Alama + ni takriban miligramu 30 kwa desilita, ++ ni 100, +++ ni 300.

Kazi isiyokifaa ni kuwahi madhara ya kisukari. Piga hesabu. Madhara ya kisukari kwenye figo huanza kuhesabiwa albumini inapofika miligramu 30 kwa kila gramu ya kreatinini, taka ya misuli inayotolewa na figo. Mkojo wenye kreatinini miligramu 100 kwa desilita utakuwa na albumini miligramu 3 tu, yaani sehemu ya kumi ya alama +. Kijiti kitabaki njano na mwenye kisukari atalala usingizi mnono. Hapo ndipo nyota mbili zilipopotelea.

Matumizi nayo yana mitego. Chukua mkojo wa kwanza wa asubuhi, ule wa katikati, kwenye chombo safi kisicho na mabaki ya dawa ya kuua vijidudu, kwani klorheksidini huleta protini ya uongo. Chovya sekunde 1 au 2, basi: ukichelewa, tindikali inaoshwa na rangi inadanganya. Futia ukingo wa kijiti kwenye tishu, kishike kikiwa kimelala ili vipande visichirizikiane, kisha soma protini na damu kwenye sekunde 60. Kijani kinachotokea baada ya dakika tano si majibu. Vitamini C nyingi huficha damu, na maji mengi huficha protini. Protini za mayeloma, saratani ya uboho, kijiti karibu hakizioni kabisa. Kichupa kifungwe mara moja, kisiwekwe kwenye friji, na kile kidonge cha kufyonza unyevu kisitupwe.

Mwenye kisukari au presha aombe maabara kipimo cha uwiano wa albumini na kreatinini, ACR. Ni mkojo uleule, ila kugawanya kwa kreatinini kunaondoa tatizo la mkojo mwepesi au mzito. Chini ya miligramu 30 kwa gramu ni sawa, 30 hadi 300 imepanda, zaidi ya hapo imepanda sana. Homa, hedhi, maambukizi ya njia ya mkojo au mazoezi makali ndani ya saa 24 huipandisha bila figo kuwa na kosa. Kwa hiyo jibu moja halitoshi: zitafutwe sampuli mbili kati ya tatu zilizopanda, ndani ya miezi 3 hadi 6.

Mkojo peke yake hausemi figo zinachuja kiasi gani. Hilo linataka damu kidogo ya kupima kreatinini, ambayo maabara huigeuza kuwa eGFR, makadirio ya mililita ambazo figo huchuja kwa dakika. Ikikaa chini ya 60 kwa zaidi ya miezi 3, ni ugonjwa sugu. Mnyanyua vyuma mwenye misuli mikubwa, au aliyetoka kula nyama nyingi iliyopikwa, ataonekana mgonjwa kuliko alivyo. Mzee aliyekonda ataonekana mzima. Kwa hao, ongeza sistatini C, kipimo cha damu kisichotegemea sana misuli. Ultrasaundi huonyesha mkojo uliokwama na figo zilizosinyaa, lakini figo za kisukari zinaweza kubaki na ukubwa wa kawaida huku zinazidi kuharibika.

Na kinofu cha figo kinachotolewa kwa sindano ili kichunguzwe, chenye hatari ya kuvuja damu, kinaweza kuepukwa? Kwa ugonjwa mmoja, nefropathi ya utando, ambamo kinga ya mwili huharibu vichujio vya figo, kingamwili dhidi ya PLA2R, protini ya vichujio hivyo, kwenye damu, zilizotambuliwa mwaka 2009, zinaweza kutosha pale protini inapomwagika kwa wingi na utendaji wa figo haujashuka. Kwa lupus, ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, iliyofika kwenye figo, au kreatinini inayopanda kwa kasi bila sababu inayojulikana, sindano bado haijapata mbadala.