Adobe Encore CS6 na Utunzaji wa Mafaili ya Mradi wa DVD

Programu za kutengeneza DVD hupimwa mara nyingi kwa uzuri wa menyu zake na wepesi wa kuchoma diski. Kigezo changu ni kingine, nacho nakiona kizito zaidi kwa mtu anayefanya kazi hii kwa ajili ya wengine: je, miezi mingi baada ya diski kukabidhiwa, mwenye kazi akirudi akitaka jina moja lisahihishwe kwenye menyu, mradi utafunguka ukiwa mzima? Kwa kigezo hicho nimeitazama Adobe Encore, programu iliyoanza mwaka 2003 kwa jina la Encore DVD na ambayo toleo lake la mwisho ni CS6 (la sita katika mkusanyo wa Creative Suite) la mwaka 2012. Haiendelezwi tena, lakini wanaoitegemea bado wapo, na kwao suala la kupanga mafaili ni zito zaidi kwa kuwa hakuna toleo jipya litakalokuja kurekebisha mapungufu yaliyopo.

Unapoanzisha mradi, Encore huunda vitu viwili: faili la mradi lenye kiambishi .ncor, na kando yake folda yenye jina lilelile. Folda hiyo si ya muda, wala si ya kufutwa ili kupunguza mzigo kwenye diski. Ndani yake hukaa menyu, video zilizogeuzwa kuwa MPEG-2 (muundo wa video unaotumiwa na DVD), na taarifa nyingine ambazo faili la .ncor haliwezi kusimama bila hizo. Viwili hivyo huhama pamoja, na kubadilisha jina la kimoja bila kingine ni kuuvunja mradi. Mpangilio huu ni mzuri, kwa sababu unaonekana kwa macho na unaeleweka mara moja; kinachonisikitisha ni kwamba programu yenyewe haimwelezi mtumiaji mgeni kwamba folda hiyo ni nusu ya kazi yake.

Ugumu halisi uko kwenye mafaili ya asili. Video, sauti na picha unazoingiza hazinakiliwi. Encore hukumbuka tu njia ya kuzifikia mahali zilipo. Ukihamisha folda, ukabadilisha jina la faili, au ukachomeka diski ya nje kwenye kompyuta ikapewa herufi tofauti na ile ya awali, mradi ukifunguliwa utakuuliza mafaili yako wapi, nawe utalazimika kuyaonyesha. Amri ya kuyatafuta inafanya kazi yake vizuri, lakini hakuna amri ya kukusanya kila kilichotumika na kukiweka mahali pamoja, kama ile iliyomo kwenye Premiere Pro, programu ya Adobe ya kuhariri video. Kwa programu iliyouzwa kwa wataalamu, hilo ni pengo kubwa, na ndilo linalofanya mpangilio wa mwanzo uwe wajibu wa mtumiaji mwenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua Encore, inafaa kuunda folda moja kuu yenye jina la kazi na tarehe, na chini yake kuwe na folda ya video, ya sauti, ya picha na menyu, ya manukuu (maandishi yanayoonekana chini ya video), ya mradi wenyewe, na ya matokeo. Majina yaanze na tarakimu zenye sifuri mbele, kama 010, 020, 030, ili mafaili yajipange kwa mfuatano ambao mtazamaji atayaona, na ili kipande kipya kikija katikati kiitwe 015 bila kuvuruga vingine. Video ya MPEG-2 na sauti yake, zinapotoka kwenye programu ya kuhariri zikiwa mafaili mawili, zibaki na jina moja lenye viambishi tofauti, maana hapo hata mtu asiyeijua kazi atajua kipi kinakwenda na kipi. Nafasi, alama za mkazo na herufi zisizo za kawaida ziepukwe kabisa katika majina. Na jina la diski yenyewe lisizidi herufi 32, likiandikwa kwa herufi kubwa, tarakimu na mistari ya chini pekee.

Ndani ya programu, dirisha la mradi linakuruhusu kuunda folda nyingine za kupangia video, menyu na mistari ya muda (mipangilio ya video na sauti kwa mfuatano wa kuchezwa). Nimezipenda, hasa kwa mradi wenye menyu nyingi, lakini zipo ndani ya Encore tu: kuhamisha kitu kutoka folda moja kwenda nyingine humo hakubadilishi chochote kwenye diski ya kompyuta. Nashauri zipewe majina yaleyale ya folda za nje, kwa sababu mifumo miwili ya majina kwa vitu vilevile huchosha akili bila faida.

Menyu ndizo sehemu ambayo Encore inang'ara. Hutengenezwa kama mafaili ya Photoshop, programu ya Adobe ya kuhariri picha, na majina ya matabaka (sehemu za picha zinazopangwa moja juu ya nyingine) huiambia programu kila kitu: alama (+) mwanzoni mwa kundi la matabaka inalifanya kuwa kitufe, (=1) inalifanya tabaka kuwa mwangaza wa kitufe kilichochaguliwa, na (%) inaonyesha mahali pa picha ndogo ya video. Hapa mpangilio umeingia ndani ya faili lenyewe, na menyu iliyopangwa vizuri inaweza kutumika kwenye miradi mingine bila kuguswa. Ila ikumbukwe kwamba faili likishaingizwa kama menyu, mradi hutumia nakala yake. Kuhariri faili la asili baadaye hakubadilishi kitu, hivyo marekebisho yafanywe kwa kuifungua menyu katika Photoshop kutoka ndani ya Encore.

Nafasi ya diski nayo inahitaji hesabu. DVD ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7. Video zilizogeuzwa ndani ya folda ya mradi, folda ya DVD iliyokamilika, na faili moja la taswira ya diski (nakala kamili ya diski nzima), kila kimoja kinaweza kukaribia ukubwa huo, kwa hiyo diski moja iliyojaa inaweza kuchukua takriban gigabaiti 14 kabla ya kuhesabu video za asili.

Kwenye matokeo, Encore hutoa folda ya VIDEO_TS yenye mafaili ya IFO (maelekezo ya uchezaji), BUP na VOB (video na sauti zenyewe) kwa majina ambayo kiwango cha DVD kimeyaweka, na kila VOB haivuki gigabaiti moja. Majina hayo yasiguswe. BUP ni nakala ya akiba ya IFO, si takataka ya kufutwa. Ni vyema kuunda folda hii kwanza, kuijaribu kwenye kompyuta, kisha ndipo ichomwe. Na ukaguzi wa mradi uliomo ndani ya Encore, unaoonyesha vitufe visivyo na mahali pa kwenda na menyu zisizofikika, ufanywe kabla ya hapo kila mara.

Kwa kulinganisha, DVDStyler, ambayo ni ya bure na ya chanzo huria, haiikaribii Encore kwa menyu. Lakini faili lake la mradi ni maandishi ya XML: linafunguka kwenye programu yoyote ya maandishi, na njia za mafaili zilizobadilika zinaweza kusahihishwa zote kwa mpigo. Kwa uhifadhi wa muda mrefu, naona huo ni ubora ambao Encore haina.

Nani basi aitumie Encore leo? Aliye nayo tayari, anayehitaji menyu za kitaalamu, na aliye tayari kushika nidhamu ya folda tangu siku ya kwanza, hatapata sababu ya kuiacha. Anayeanza sasa na mwenye mahitaji madogo aanze na DVDStyler. Katika hali zote mbili, kazi ikikamilika, ihifadhiwe folda kuu nzima pamoja na taswira ya diski, ili hata siku ambayo hakuna kompyuta itakayoifungua Encore tena, diski iweze kuchomwa upya.