Nokia 105: kitochi cha mtu anayetaka akili yake itulie

Haya wadau karibuni, leo mezani nina Nokia 105, toleo la 2023, kitochi chenyewe kabisa, na nataka kiongee na wewe unayeshika simu uangalie saa, unakuja kushtuka uko TikTok na saa yenyewe hujaiona.

Sifa zake fupi tu. Hakuna kamera, hakuna WhatsApp wala Instagram. Kuna redio, tochi, gemu ya nyoka, na betri ya 1000 mAh ya kuchomoa, chaji unaisahau siku kadhaa. Chaja ni ile ya zamani ya micro-USB, sio Type-C, hiyo jua kabisa.

Swali mnaloniuliza sana ni hela. Jamani hela haina shida! Unabonyeza *150*00# M-Pesa inafunguka bila bando, unatuma, unalipa, hata Luku unanunua, tokeni inakuja kwa SMS zile tarakimu 20 unaenda nazo kwenye mita unaingiza taratibu.

Kuandika ndo kuna kazi. Ukitaka "sawa" ile s peke yake unabonyeza 7 mara nne. Mimi hapo ndo napapenda, maana mesej ya maneno mengi unaona bora upige, na ukipiga mambo yanaisha dakika mbili badala ya kuchati mchana mzima.

Sasa kuhusu umakini, nimekitumia nikaona hivi: mwanzoni mkono unaenda mfukoni wenyewe, unatoa simu, unawasha, hakuna kipya, unarudisha, dakika kidogo tena. Baadae mkono unaacha kwenda. Unakaa na kazi moja mpaka inaisha, unasoma kurasa nyingi mfululizo, unamsikiliza mtu mpaka anamaliza sentensi, na hicho kwangu kina thamani kuliko kamera yoyote.

Kinapokubana kweli ni magrupu. Kamati ya harusi, kikoba, wazazi wa darasa, kila kitu kiko WhatsApp na ukikosekana unaonekana unajitenga. Ila sikiliza, WhatsApp ikishasajiliwa kwenye simu janja haihitaji ile laini ikae humo muda wote, kwahiyo laini hamishia kwenye kitochi, simu janja iache nyumbani na waifai au laini nyingine yenye bando, jioni unapitia magrupu yako unajibu unafunga. Na mweka hazina wa kikoba mwambie mapema, jambo la haraka akupigie.

Mimi nasema nunua, hasa mwanafunzi unayekaribia mitihani. Ila kama unaishi kwa oda za mtandaoni au unaendesha bodaboda ya apu, hiki kisiwe simu yako ya kazi, utakosa wateja.

Na kabla hujahamisha laini, namba zako nyingi ziko kwenye akaunti ya Google, hazitakuja zenyewe. Hamishia zile muhimu kwenye laini kwanza, ya mama ianze.