Uzoefu wangu Thogoto: usiishie kwenye kanisa kubwa

Wengi tunaotoka Nairobi kwenda Thogoto, pale Kikuyu, tunapiga picha mbele ya Church of the Torch, kanisa la mawe lililofunguliwa 1933, kisha tunarudi mjini. Kampuni ya ziara niliyowahi kwenda nayo haikutufikisha zaidi ya hapo. Safari hii nilienda kivyangu, nikaomba kuonyeshwa kanisa dogo la 1909, la kumbukumbu ya wamishonari Watson na Scott. Hilo ndilo lililostahili nauli yangu.

Mzee wa kanisa aliyenitembeza hakuwa na haraka. "Keti kwanza, mwanangu," akaniambia, ndipo akaanza kusimulia. Nikaegemea benchi la mbao lililolainika kwa migongo ya watu wa miaka mingi. Usitarajie sanamu wala dhahabu. Wapresbiteri wa Scotland walitaka macho ya waumini yaelekee mimbari, linaposomwa Neno, na Meza ya Bwana.

Na hiyo Meza ndiyo iliyozua kishindo. Juni 1913 wamishonari wa Kianglikana, Kipresbiteri, Kimethodisti na wa African Inland Mission walikutana Kikuyu kutafuta umoja, wakamaliza kwa kushiriki mkate na divai pamoja humu, Askofu Peel wa Mombasa akiongoza. Habari zilipomfikia Askofu Weston wa Zanzibar, Mwanglikana aliyeona si halali kushiriki Meza na wasio Waanglikana, aliwaka! Alitaka Peel na Askofu Willis wa Uganda washtakiwe kwa uzushi, na shauri likafika hadi kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, kiongozi wa Waanglikana huko Uingereza. Nilijikuta nauangalia ukumbi ule mdogo nikishangaa kwamba Uingereza nzima ilibishana kwa ajili yake.

Usiondoke bila kufika makaburini. Thomas Watson, aliyehamisha misheni ya Wascotland kutoka Kibwezi kuja Kikuyu mwaka 1898, alifariki 1900. Mkewe Minnie angeweza kurudi kwao, lakini alibaki akifundisha hadi 1931. Alifia Scotland mwaka 1949, na majivu yake yakaletwa yazikwe kando ya mumewe. Hapo nilisimama muda mrefu.

Kenyatta naye alisoma kwenye misheni hii akiwa kijana, akabatizwa 1914.

Nenda siku ya kazi, maana Jumapili ni ibada, na upitie ofisini kwanza uombe kufunguliwa. Ukiwa na watoto wa shule, wapeleke. Nyota tano kutoka kwangu.