Gunia la Mchanga wa Matumbawe Nililouziwa Kisumu

Shilingi 4,500 zangu nimekwisha kuzisahau, au tuseme nimejikaza kuzisahau, lakini jibu nililopewa nilipolirudisha gunia lile bado linanikera kila ninapoketi mbele ya tangi langu. "Mchanga ni mchanga, mwalimu," aliniambia kijana wa dukani, na hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake.

Wanaofuga samaki wa maji ya chumvi hapa Kisumu ni wachache mno, na jirani yangu huniuliza kila mara kwa nini nanunua chumvi ya kutia kwenye maji ilhali ziwa zima liko pale chini, tena la bure. Kwa hiyo nilipopata duka moja mjini lililodai kuuza mchanga wa matumbawe, nilifurahi kama mtu aliyepata ndugu ugenini. Nilimweleza kijana yule kwa utaratibu kwamba nataka mchanga uliotokana na makombe na matumbawe yaliyosagika, yaani aragonaiti, wenye chembe za milimita moja hadi mbili, kwa sababu ulio laini kama unga hupeperushwa na pampu ya mawimbi na kuyafunika matumbawe, na wenye chembe kubwa humeza uchafu na mabaki ya chakula ambayo huoza chini bila mtu kuyaona. Aliitikia kila neno. Akasema umetoka Mombasa.

Niliuosha kwenye karai, nikamwaga maji mara tisa, na mara ya tisa bado yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Hapo ndipo ningepaswa kusimama. Badala yake niliutandaza tangini kwa kimo cha vidole vitatu, nikasubiri siku kadhaa maji yatulie, kisha nikamwachilia gobi wangu, samaki ambaye riziki yake ni kuchota mchanga kwa kinywa, kuuchekecha, na kuutoa kupitia mashavuni ukiwa safi. Alichota mara moja, akautema wote, akaenda kujibanza nyuma ya jiwe. Alichota tena jioni, akatema tena. Samaki aliujua mchanga ule kabla yangu.

Nilichukua kijiko kimoja cha mchanga uliosalia guniani, nikakitia kwenye bilauri na kukimiminia siki. Mchanga wa matumbawe ni kalsiamu kaboneti, kwa hiyo ukikutana na siki hutoa povu papo hapo. Nilisogeza sikio karibu na bilauri nikitumaini kusikia japo mchirizo, lakini kimya. Nikapitisha sumaku ya mlango wa jokofu juu ya kiganja kingine cha mchanga ule, na chembe nyeusi zikairukia na kuing'ang'ania kama siafu, jambo ambalo mchanga wa matumbawe haufanyi.

Nikalirudisha gunia dukani, nikapewa jibu lile, nikarudi nalo nyumbani.

Duka hilo nisingemshauri hata adui yangu alikanyage. Hata hivyo, kwa kuwa nimeanza kusema, niseme na upande wao. Ule ukoga wa kahawia uliotanda kwenye vioo wiki mbili baadaye, ambao niliulaani mchanga kwa ajili yake mbele ya familia nzima, ni diatomu, yaani vijimea vidogo mno vya majini, na diatomu huota karibu katika kila tangi jipya, hata lile lenye mchanga wa bei ghali kuliko wote. Diatomu huhitaji silika, madini yaliyomo kwenye mchanga wa mto, lakini silika iliyofungwa ndani ya chembe za mchanga huyeyuka polepole sana. Pia nilikuwa nimejidanganya kwamba aragonaiti ingenishikia pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, yenyewe. Maji yakiwa kwenye pH ya 8.2 haiyeyuki kiasi cha kutajwa, na kazi hiyo hufanywa zaidi na chumvi mpya ninapobadilisha maji. Kwa haki kabisa, basi, mchanga wao haukuniulia kitu. Angeniambia tu kwamba ni wa mto, huenda ningeuosha vizuri zaidi na kuutumia, nikamtafutia gobi makao mengine.

Lakini hakuniambia. Alitazama uso wangu, akataja Mombasa.

Mwezi uliopita fundi alikuja kukarabati kizingiti cha jikoni, na mke wangu akamwonyesha gunia lile pale uani. Fundi alichota kiganja, akakisugua kwa kidole gumba, akakiinamisha juani kuona chembe zinavyometameta. "Huu ni wa mto, mwalimu. Mzuri kwa plasta, ila uchekechwe kwanza." Akauliza nimeununua kwa nani na kwa bei gani. Nilipomtajia bei aliweka mwiko chini, akaketi juu ya ndoo, akacheka mpaka mke wangu akamletea maji.

Kizingiti kimeshika vizuri.